Maji Yakirudi Mwambani: Jotoardhi, Matetemeko Madogo na Ufa wa Ziwa Nyasa

Mtambo wa umeme wa jotoardhi unaoendeshwa kwa busara huwa na visima vya aina mbili. Vya kwanza hutoa mvuke na maji ya moto. Vya pili huyarudisha chini maji yaliyokwisha kutoa joto lake. Kazi hii ya kurudisha ndiyo inayoiweka hai hifadhi ya joto kwa miongo mingi. Ndiyo hiyohiyo inayoweza kuamsha matetemeko ya ardhi, mengi yakiwa madogo kiasi kwamba ni mashine tu zinazoyatambua.

Kwa watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, habari hii si ya watu wengine. Tanzania inatafuta jotoardhi karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili, na ardhi ya bonde hili imekuwa ikitetemeka tangu enzi ambazo hapakuwa na pampu wala bomba. Yafaa basi tuulize kwa utulivu: maji yakiingizwa kwenye mwamba wa moto huufanya nini? Na ni lini tetemeko dogo huacha kuwa dogo?

Ninalolitetea hapa ni hili: maji hayatengenezi nguvu ya tetemeko. Nguvu hiyo imelimbikizwa mwambani na ufa wenyewe kwa karne nyingi, na maji huifungulia njia. Ndiyo maana wingi wa maji peke yake hautuambii mengi kuhusu hatari. Yatupasa kuujua mwamba unaoyapokea, mpasuko ulio jirani, shinikizo linalotumika, na zaidi ya yote kujua kama kulikuwa na vyombo vya kuisikiliza ardhi kabla kazi haijaanza.

Ardhi yenyewe

Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofikia takribani mita 700, limelala ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Pande mbili za bonde zinaachana kwa milimita chache tu kila mwaka. Mwendo huo hauonekani kwa macho, lakini miamba haiwezi kunyooka bila kikomo. Hujikaza na kujikaza, hadi mpasuko mmoja unapoteleza ghafla.

Upande wa kaskazini-mashariki wa ziwa, milima ya Livingstone imeinuka juu ya mpasuko mkubwa wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100. Kusini zaidi mambo hugeuka: mpasuko mkuu huhamia ng'ambo ya Malawi, kwenye pwani ya Usisya. Mwambao wa wilaya ya Nyasa, iliyokuwa sehemu ya Mbinga hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, uko katika eneo la mgeuko huo, karibu na bonde la kale la Ruhuhu ambalo tabaka zake ndizo zilizohifadhi makaa ya mawe ya Ngaka. Maana yake ni kwamba hata ndani ya mkoa mmoja, mwamba wa kijiji kimoja na wa kijiji kingine haubebi mzigo uleule.

Historia ya matetemeko ya ukanda huu haihitaji kuongezewa chumvi. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, ambalo limo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Machi 1989 Salima, katikati mwa Malawi, ilitikiswa na tetemeko lililozidi 6, likaua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Desemba 2009 ikawa zamu ya Karonga. Hapo halikupiga tetemeko moja kubwa likafuatwa na madogo. Yalikuja mfululizo kwa wiki kadhaa, kadhaa kati yake yakikaribia ukubwa wa 6, na lililokuwa kubwa kuliko yote lilipiga tarehe 19 Desemba. Nyumba zilianguka, watu wakafa, na wengine wakalala nje kwa kuogopa kuta zao wenyewe.

Jambo moja la Karonga lisisahaulike: hapakuwa na mtambo wa jotoardhi, na hapakuwa na maji yaliyosukumwa ardhini. Ufa ulifanya yote peke yake. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu linabeba hoja nzima.

Kwa nini maji yarudishwe

Kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, iliyoundwa mwaka 2013 chini ya TANESCO, imeweka mbele maeneo kadhaa. Matatu kati yake, Ngozi, Kiejo-Mbaka na Songwe, yako katika ukanda wa Mbeya, Rungwe na Songwe, mahali ambapo matawi ya ufa yanakutana na volkano za Rungwe. Ngozi ni mlima wa volkano wenye ziwa katika kreta yake, na wanajiolojia wanatarajia kukuta huko chini joto linalozidi nyuzi 200. Kiejo-Mbaka ni eneo la chemchemi za maji moto zilizojipanga kandokando ya mpasuko wa Mbaka. Hakuna hata moja kati ya maeneo hayo lililoko Mbinga; Ngozi iko umbali wa kilomita zipatazo 270 kwa mstari ulionyooka.

Chemchemi za Mbaka zinatufundisha jambo. Maji ya moto hupanda pale mwamba ulipopasuka. Mchimbaji anayetafuta mvuke huifuata mipasuko kwa makusudi, kwa kuwa mwamba mzima usio na nyufa hauna njia ya kupitisha maji hata ukiwa na moto kiasi gani. Hivyo utajiri na hatari vinakaa katika ufa mmoja. Hakuna ramani itakayovitenganisha kabisa. Kinachowezekana ni kuvijua vyote viwili vizuri.

Na maji yasiporudishwa? Kaskazini mwa California, kwenye uwanja wa The Geysers unaozalisha umeme tangu 1960, mvuke ulitolewa kwa kasi kuliko ardhi ilivyoweza kuufidia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 shinikizo lilikuwa likiporomoka. Suluhisho lilikuwa kuleta maji taka yaliyosafishwa kwa mabomba kutoka miji ya jirani, kwanza mwaka 1997, kisha kutoka Santa Rosa mwaka 2003, na kuyaingiza ardhini. Mvuke ulipata nafuu. Kurudisha maji pia huzuia chumvi na madini yaliyoyeyuka, kama aseniki na boroni, yasimwagwe mitoni. Katika nchi ambayo mito ya milimani hushuka moja kwa moja hadi ziwani wanakovua samaki watu wetu, sababu hiyo ya pili inatosha peke yake.

Maji yanaufanya nini mwamba

Kazi ya kwanza ya maji ni shinikizo. Chukua mpasuko ulio kilomita 3 chini. Uzito wa mwamba ulio juu yake huleta mkandamizo wa karibu megapaskali 78. Maji yaliyomo ndani ya nyufa, kwa uzito wake tu, husukuma kinyume kwa takribani 30. Kinachobaki kuzibana kuta za mpasuko ni tofauti ya hivyo viwili, kama 48 katika mfano huu rahisi. Ukiongeza megapaskali 10 kwa pampu, mbano unashuka hadi 38, wakati nguvu ya ufa inayotaka kuutelezesha mpasuko haijapungua hata kidogo. Ni kama gunia la kahawa lililowekwa juu ya ubao wenye mteremko: gunia halikusukumwa na mtu, ila kuna aliyelinyanyua kidogo kutoka chini, na mteremko ukamaliza kazi. Mhandisi Karl Terzaghi aliiweka wazi kanuni hii ya mbano halisi katika miaka ya 1920 alipochunguza udongo, na mwaka 1959 wanajiolojia Hubbert na Rubey waliitumia kueleza jinsi mapande makubwa ya milima yanavyoweza kuteleza.

Kazi ya pili ni kupoza. Maji yanayorudishwa yana joto dogo kuliko mwamba. Mwamba ukipoa husinyaa, na ukisinyaa mbano kwenye nyufa zake hulegea. Hii ndiyo sababu The Geysers hutikisika kwa maelfu ya vitetemo kila mwaka ingawa huko maji huteremka kwa uzito wake yenyewe, bila pampu ya nguvu. Vingi ni vidogo sana, lakini Desemba 2016 kimoja kilifikia ukubwa wa 5. Anayesema kwamba hatusukumi kwa nguvu, kwa hiyo hakuna tetemeko, amelijibu nusu tu ya swali.

Kazi ya tatu ni ya mbali. Mwamba uliovimba kwa maji huusukuma mwamba wa jirani hata kama maji yenyewe hayajaufikia. Nayo maji hayaachi kusafiri pampu inapozimwa. Shinikizo huendelea kusambaa polepole kwenye nyufa kwa siku, wiki, hata miezi.

Ya nne ni ya kikemia. Maji hubeba silika na chokaa, huyeyusha madini hapa na kuyaacha pale. Nyufa zikiziba, shinikizo linalohitajika kupitisha kiasi kilekile cha maji hupanda, na mhandisi asiye makini hujikuta akisukuma zaidi ya alivyopanga.

Kuteleza kwa mpasuko kuna faida pia. Kuta mbili zenye makwaruzo zikiteleza kidogo, hazikai tena sawasawa. Hubaki na nafasi kati yake, na maji hupita kirahisi zaidi. Vitetemo vingi vidogo ni ishara kwamba njia za maji zinafunguka. Kwa kutafuta vinapotokea, wataalamu huchora ramani ya mahali maji yanakokwenda, mahali ambapo jicho halifiki. Tetemeko dogo basi ni athari na habari kwa wakati mmoja.

Lini dogo huwa kubwa

Ushahidi wa kwanza ulitoka jirani na Denver, Marekani. Machi 1962 jeshi lilianza kuingiza majitaka ya kiwanda cha kemikali katika kisima chenye kina cha mita 3,671. Matetemeko yakaanza mahali ambapo watu hawakuyazoea. Kazi ilisimamishwa Februari 1966, lakini makubwa zaidi, yaliyokaribia 5, yalikuja mwaka 1967, mwaka mzima na zaidi baada ya pampu kunyamaza. Kisha huko Rangely, jimbo lilelile la Colorado, watafiti wa jiolojia wa serikali walifanya jaribio kwenye uwanja wa mafuta: shinikizo lilipozidi takribani megapaskali 26 matetemeko yaliongezeka, lilipopunguzwa yalipungua. Tangu hapo uhusiano huo umekubalika miongoni mwa wanajiolojia.

Basel, Uswisi, Desemba 2006: kisima cha kilomita 5 katika mwamba mgumu usio na maji, karibu mita za ujazo 11,500 zikaingizwa ndani ya siku sita, shinikizo kisimani likifika karibu megapaskali 30. Vitetemo viliongezeka, pampu ikazimwa, na saa chache baadaye tetemeko la 3.4 likapasua plasta za nyumba mjini. Mradi ulifutwa. Pohang, Korea Kusini, ilikuwa mbaya zaidi. Aprili 2017, baada ya awamu moja ya kuingiza maji, kulitokea tetemeko lililozidi 3. Kazi iliendelea. Tarehe 15 Novemba 2017, miezi miwili baada ya awamu ya mwisho, tetemeko la 5.5 lilijeruhi watu 135 na kuwahamisha wengine zaidi ya 1,500. Tume ya serikali ilitamka Machi 2019 kwamba maji yaliamsha mpasuko uliokuwa tayari kuteleza, mpasuko ambao haukuwa umetambuliwa.

Kiasi cha maji kilichotumika Pohang hakikuzidi sana kile cha Basel, lakini matokeo yalitofautiana mno. Wapo waliokuwa wakiamini kwamba ukubwa wa tetemeko hufungwa na ujazo wa maji. Pohang iliwaonyesha kwamba mpasuko mkubwa uliokaribia kikomo chake haufuati hesabu hiyo. Maji kidogo yaliyofika mahali pabaya yalitosha.

Upande wa pili upo mfano wa Espoo, Finland. Mwaka 2018 zaidi ya mita za ujazo 18,000 ziliingizwa kwenye kina cha kilomita 6 kwa wiki saba. Mamlaka ziliweka kikomo: vitetemo vikifikia 2.1, kazi isimame. Wahandisi walikuwa wakisikiliza usiku na mchana, wakapunguza mwendo na kupumzisha kisima kila ishara zilipopanda. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa 1.9. Mwamba wa Finland ni mzee na mtulivu, kweli. Lakini nidhamu nayo ilifanya kazi yake.

Kurudisha si kupasua

Kwenye mijadala yetu mambo mawili huchanganywa. Kupasua mwamba mkavu kwa shinikizo kubwa, kama Basel na Pohang, ni kazi moja. Kurudisha maji kwenye hifadhi ambayo tayari ina nyufa na maji yake ni nyingine, na ndiyo inayotuhusu hapa.

Jirani yetu ana uzoefu mrefu wa hii ya pili. Olkaria, karibu na Naivasha, ilianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na leo uwanja huo ni nguzo ya umeme wa Kenya. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti waliotega vyombo kuzunguka uwanja walinasa maelfu ya vitetemo vidogo ndani ya miezi michache, vikiwa vimejipanga kwenye mipasuko na maeneo ya joto. Ufa wa Kenya ungetetemeka hata bila kisima kimoja, na kwa miaka zaidi ya 40 Olkaria haijaletea wakazi wake tetemeko la aina ya Pohang. Hilo linatia moyo, ingawa si hati ya dhamana kwa Rungwe. Mwamba wa Olkaria una joto jingi karibu na uso, na mwamba wenye joto kali hulainika kabla haujaweza kulimbikiza nguvu nyingi. Upande wa kaskazini wa Nyasa ni tofauti: vyombo vilivyowekwa nchi kavu na sakafuni mwa ziwa kati ya 2013 na 2015 vilionyesha matetemeko yakianzia hata zaidi ya kilomita 30 chini. Mwamba wetu ni baridi zaidi, mgumu zaidi, na unabeba mipasuko mirefu zaidi.

Ziwa Kariba linatukumbusha vivyo hivyo. Bwawa lilianza kujaa mwishoni mwa 1958. Septemba 1963, lilipofurika, tetemeko lililozidi 6 lilipiga katika eneo ambalo halikujulikana kwa matetemeko makubwa. Uzito wa maji na shinikizo lililopenya chini vilitosha kuamsha mipasuko ya kale ya bonde la Zambezi.

Hoja mbili za kukataa

Ipo hoja inayopendeza masikioni: acheni vitetemo vidogo vije, vinaipunguzia ardhi mzigo. Hesabu haikubali. Kila hatua moja ya ukubwa ni nishati mara 32 hivi. Kulitoa kidogokidogo tetemeko la 6 kama lile la Karonga kungehitaji matetemeko elfu moja hivi ya ukubwa wa 4, au milioni moja ya ukubwa wa 2. Hakuna mtambo unaofanya hivyo, na hakuna mtaalamu mwaminifu anayepaswa kuahidi hivyo.

Ipo pia hoja ya kinyume: kwa kuwa maji huamsha matetemeko, tusichimbe kabisa. Lakini kila nishati ina bei yake. Watu wa Mbinga wanaijua ya makaa ya mawe kwa vumbi la malori yanayotoka Ngaka. Wanaijua pia ya ukame, kwa maana gridi ya taifa, inayotufikia kupitia njia ya Makambako hadi Songea, imetegemea mno mabwawa, na mvua ikikosekana taa huzimika. Jotoardhi halingoji masika. Kulikataa kwa hofu isiyopimwa ni kuwanyima watoto wetu kitu chema.

Kinachopaswa kudaiwa

Kitetemo cha ukubwa wa 2 huko Ngozi hakitahisiwa Mbinga. Kinachofika kwetu ni kanuni zitakazowekwa huko, kwa sababu ndizo zitakazotumika popote kwenye ufa huu. Nadai mambo manne.

La kwanza ni kusikiliza kabla. Fikiria Karonga ya 2009 ikijirudia siku mtambo ukiwa unafanya kazi Rungwe. Bila kumbukumbu za miaka iliyotangulia, hakuna atakayeweza kusema kwa haki kama ni ufa au ni pampu. Mkazi atakosa fidia anayostahili, au mradi utalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Vipimatetemeko viwekwe mwaka mmoja au miwili kabla ya kisima cha kwanza kupokea maji, na visiishie uwanjani pa mradi. Mbamba Bay, Liuli na Mbinga zipate vyao. Shule za sekondari zinaweza kuvitunza, na wanafunzi wakajifunza ardhi yao kwa takwimu zake.

La pili ni kikomo kilichoandikwa mapema. Ijulikane ni ukubwa gani utapunguza kazi na ni upi utaisimamisha, na uamuzi wa kusimamisha uwe na mtu asiyelipwa na mradi. Pohang ilipata onyo la Aprili. Iliyokosekana ni mamlaka ya kulitii. Kwa kuwa shinikizo husafiri hata baada ya pampu kuzimwa, kikomo kiwekwe chini sana ya kinachoogopwa, na usikilizaji uendelee miezi mingi baada ya kazi.

La tatu ni uwazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini na wananchi washirikishwe. Ushirikishwaji wa kweli ni takwimu za kila wiki, kwa Kiswahili, zikibandikwa ofisi ya kijiji: maji kiasi gani yameingia, kwa shinikizo gani, vitetemo vingapi vimenaswa, na kikubwa kilikuwa kipi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iwe msimamizi wa takwimu hizo, si mgeni wa kuomba nakala.

La nne ni nyumba. Kagera ilipopigwa na tetemeko la 5.9 Septemba 2016, watu 17 walikufa mkoani humo, wengi chini ya kuta zao. Kwenye miteremko ya Umatengo na kando ya ziwa, nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Mkanda wa zege juu ya kuta, pembe zilizofungwa vizuri na paa lililoshikwa na kuta ni vitu ambavyo fundi wa kijijini anaweza kuvifanya. Sehemu ya fedha za miradi ya ufa ingefundisha mafundi hao, na kazi hiyo ingewalinda watu dhidi ya tetemeko la pampu na dhidi ya lile la ufa, ambalo ndilo kubwa zaidi na ambalo litakuja, mtambo uwepo au usiwepo.

Wamatengo wa Mbinga walilima kwa mashimo ya ngoro kwenye miteremko mikali kwa vizazi vingi bila kuuacha udongo uondoke, kwa sababu waliujua mlima kabla ya kuupiga jembe. Mwamba wa moto unataka ujuzi wa namna hiyohiyo, ukianzia kwenye vipimo. Serikali, TGDC na halmashauri za Mbinga na Nyasa zikianza na vipimatetemeko, maji yatakapofika baadaye yatakuta watu wanaojua wanachokifanya, na wananchi wenye haki na uwezo wa kuuliza.